Saa Iliyowekwa na Muumba
Soma Waamuzi 13:2–14. Samsoni alikuwa hajazaliwa. Kwa nini mama yake aliagizwa asinywe kileo?

Mungu aliyeweka mianga itenganishe mchana na usiku (Mwanzo 1:14) aliwapa pia wanadamu na wanyama saa ndani ya ubongo, ya kuwaamsha na kuwalaza. Watafiti wa Marekani waliwapa panya wachanga kileo kwa siku chache, katika hatua ambapo ubongo wao hukua kama wa mtoto wa binadamu miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba panya hao walipokua, bila kuonja tena kileo, saa yao ilikuwa imebadilika. Walipokaa katika giza la kudumu, mzunguko wao ulikuwa mfupi kuliko wa wenzao.

Panya si binadamu, lakini kileo anachokunywa mama humfikia mtoto tumboni. Pale Mwananyamala mjamzito huweza kwenda kliniki asubuhi, na jioni akakaribishwa bia: “Kidogo tu, haina neno.” Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Manoa naye aliuliza, akaambiwa agizo lile lile. Kumlinda mtoto ni kazi ya mume pia. Na mama aliyekunywa bila kujua asihukumiwe. Asaidiwe kuacha leo na kumlea mwanawe.

Jadilini: Darasa lenu litamsaidiaje mjamzito anayeshawishiwa kunywa nyumbani mwake mwenyewe?