Ng'oa Mshale Kwanza: Nasaha kwa Anayekwenda Msibani

Mwanangu, umekua, na sasa utatumwa msibani peke yako kuiwakilisha nyumba. Nakuusia mambo matano, uyashike.

La kwanza, wahi. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikikaribia kutia nanga kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa walizidi 220. Waliowahi walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, wakawavuta watu majini bila kuuliza kabila wala dini. Nawe ukisikia yowe, nenda kwanza, habari utaipata hukohuko.

La pili, heshimu ibada ya wenye msiba. Ukara masheikh na viongozi wa makanisa waliwaombea marehemu pamoja, kwa kuwa kifo kilikuwa kimewachukua pamoja. Kijana aliyesoma atasema sala haimrudishi mtu. Kweli haimrudishi, lakini huwapa wafiwa saa ya kulia kwa pamoja, na maneno ya kusema pale yao yanapowaishia. Basi vua viatu panapovuliwa, funika kichwa panapofunikwa, itikia Amina. Ila usiifanye ibada maficho ya kukwepa kazi: ukishaitikia, shika ndoo ukachote maji, maana wanaowapikia waombolezaji wako motoni tangu alfajiri.

La tatu, usiulize nani kamroga. Hapa kwetu Usukuma swali hilo limeua. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe ni wa moshi wa kinyesi cha ng'ombe wanachopikia. Na kwa maneno ya wapiga ramli, watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, hata Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli chonganishi.

Hapo nakuletea fundisho la Buddha, mwalimu wa India ya kale, ambaye wafuasi wake wana hekalu Dar es Salaam, lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka tangu zama za ukoloni. Alieleza habari za mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, akakataa ung'olewe mpaka ajue aliyempiga ni nani, wa ukoo gani, na upinde wake ni wa mti gani. Mtu huyo atakufa hajajibiwa. Mpiga ramli hukuuzia jina la jirani yako, na mtoto mwenye homa bado amelala palepale. Mpeleke hospitali.

La nne, usimhubirie mfiwa. Mama mmoja, Kisa Gotami, alimbeba mwanawe aliyekufa, akimtafutia dawa. Buddha akamtuma alete punje za haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa. Akabisha hodi mlango kwa mlango, na kila nyumba ikamtajia marehemu wake. Tazama adabu ya mwalimu yule: hakumwambia kwamba kila mtu hufa, bali alimpeleka kwa watu, akaliona mwenyewe. Nawe usimwambie mama ambaye machozi hayajamkauka kwamba ajikaze, wala kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Mpe pole, kaa naye mkekani, msikilize akilitaja jina la mwanawe.

La tano, rudi. Turubai likishashushwa na masufuria yakarudishwa kwa wenyewe, ndipo upweke huanza. Rambirambi za siku ya maziko huishia kwenye maziko. Pita tena baada ya wiki chache na unga au dagaa, uulize watoto wanasomaje na ada imefikia wapi.

Ugonjwa, uzee na kifo havikwepeki. Buddha alifundisha hivyo, na wazee wetu vilevile. Tunachoweza kukwepa ni kuwaongezea waliopatwa mzigo wa lawama. Ukifika msibani usijue la kufanya, tazama ni kazi gani bado haijapata mtu, uifanye. Mungu akuongoze.