Uhuru wa Mahakama Ni Mali ya Nani?

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro anamkuta mkwewe Musa ameketi peke yake akiamua kesi, na watu wamemzunguka tangu asubuhi hadi jioni. Ushauri anaompa ni wa mpangilio na wa watumishi: mambo madogo yaamuliwe na wakuu wa kumi, wa hamsini, wa mia na wa elfu, na magumu tu ndiyo yapande kwa Musa, tena wachaguliwe watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wanaochukia rushwa. Wahubiri wengi hulipita jambo moja hapo. Yethro hakumhurumia Musa peke yake, alisema watu nao watachoka. Mtu aliyesimama kutwa akingoja zamu yake amekwisha kuumizwa kabla hukumu haijatoka, hata ikija kuwa hukumu ya haki. Naianzia hapo hoja yangu kuhusu mahakama za Kenya: uhuru wa mahakama ni mali ya mwenye kesi, na jaji amekabidhiwa tu autunze.

Kenya iliwahi kuziendesha mahakama kana kwamba ni mali ya rais. Mwaka 1988 katiba ilirekebishwa, majaji wakaondolewa ulinzi wa kazi zao, wakarudishiwa mwaka 1990. Tume iliyoshauri juu ya majaji ilikuwa ya watu watano, na kila mmoja wao aliwekwa kwenye cheo chake na rais. Serikali mpya ilipotaka kusafisha mwaka 2003 ilianza na watu: kamati ya Jaji Aaron Ringera iliwahusisha majaji 23 na mahakimu 82 na ufisadi na utovu wa maadili, majina yakasambaa magazetini, na wengi wakajiuzulu au kustaafu bila kesi yao kusikilizwa. Mkono wa kuteua ukabaki palepale, na viti vilivyoachwa wazi vikajazwa kwa utaratibu ule ule wa zamani. Desemba 2007, matokeo ya urais yalipopingwa, upinzani ulisema wazi kwamba hauendi mahakamani. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Sisemi uteuzi wa majaji ndio uliowaua. Ardhi, ukabila na uchu wa madaraka vilikuwa na sehemu kubwa. Nasema kwamba pa kuupeleka ugomvi ule hapakuwapo, na pengo hilo lilichimbwa kwa miaka mingi.

Katiba ya 2010 iligusa watu na mkono wa kuteua pia. Majaji na mahakimu waliokuwapo walipigwa msasa mmoja mmoja na bodi iliyokuwa na majaji wa kigeni ndani yake, na kila mmoja alipewa nafasi ya kujibu. Tume ya Huduma za Mahakama ikawa ya watu 11, wakiwamo majaji na hakimu waliochaguliwa na wenzao, mawakili, Mwanasheria Mkuu, na raia wawili wasio wanasheria. Wanaotaka ujaji huomba kazi, huhojiwa hadharani, na rais huteua kwa mapendekezo ya tume. Ukisoma Kumbukumbu la Torati, sura ya kwanza, utakuta kisa cha Yethro kimesimuliwa upya kwa tofauti ndogo yenye uzito: Musa anawaambia watu watoe wenyewe watu wenye hekima, kisha yeye anawasimika. Utaratibu wa 2010 unafanana sana na huo. Matunda yake yalionekana Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, na nchi ikarudi kupiga kura.

Kisha mwaka 2019 tume ilipeleka majina 41: majaji 11 wa Mahakama ya Rufaa, 20 wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na 10 wa mahakama ya kesi za kazi. Rais Uhuru Kenyatta hakuwateua. Februari 2020 Mahakama Kuu ilisema katiba haimpi hiari ya kukataa. Mmoja wa waliopendekezwa alifariki akingoja. Juni 2021 rais aliteua 34 na kuwaacha sita, ambao waliapishwa Septemba 2022 chini ya rais mwingine. Tulizoea kulisimulia jambo hili kama ugomvi wa rais na Jaji Mkuu. Aliyeumia ni mjane mwenye kesi ya shamba, anayefika kortini alfajiri, anatafuta namba yake kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, anaambiwa kesi itatajwa tena baada ya miezi, na jirani anaendelea kulima upande wa pili wa mpaka.

Watetezi wa rais walisema amechaguliwa na mamilioni, na alikuwa na taarifa kuhusu uadilifu wa wale sita. Hoja ya uadilifu si ya kupuuzwa. Jaji mla rushwa ni msiba. Lakini Mwanasheria Mkuu aliyemo ndani ya tume ni mteule wa rais, na rais ndiye huwateua wale raia wawili kwa idhini ya Bunge. Taarifa ilikuwa na njia ya kufika mezani, mbele ya mtuhumiwa anayeweza kujibu. Tena wanne kati ya sita walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu, wakiendelea kuamua kesi kila siku. Kama hawafai kupanda cheo kwa sababu ya rushwa, hawakufaa kubaki hata siku moja, na katiba ina njia ya kuwaondoa kupitia jopo maalumu. Kumwacha mtu aamue kesi za watu huku ukimtilia shaka hadharani kunamdhulumu yeye na wale wanaosimama mbele yake.

Pingamizi la kidini ni zito zaidi. Imam Abu Hanifa alikataa ukadhi alioitwa na Khalifa al-Mansur, akafungwa, na wengi wamejifunza kwake kwamba mcha Mungu hukikimbia kiti cha hukumu. Je, kuwaita watu waombe ujaji si kuwaalika wenye tamaa? Naamini hofu ya Abu Hanifa ilikuwa hasa juu ya kuhukumu chini ya kivuli cha mtawala. Kivuli kikipunguzwa, mwadilifu anapata sababu ya kukaa.

Mpangilio nao hautoshi bila watu. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016, iamue madai madogo kwa haraka, lakini mahakama yenyewe ilifunguliwa Milimani mwaka 2021 tu. Na watu nao wanaweza kucheleweshwa, kwa kuwa katiba haijataja muda wa rais kuteua. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa kumpa siku 14. Muda huo uandikwe ndani ya katiba yenyewe, na ukipita bila uteuzi, waliopendekezwa waapishwe na Jaji Mkuu waanze kusikiliza kesi.