Hatua na Hesabu Yake

Kuhesabu ni katika tabia za kale za binadamu. Alihesabu siku kwa mwezi, mifugo kwa vijiwe, na safari kwa machweo ya jua. Leo huzihesabu hata hatua za miguu yake. Saa ndogo hufungwa kwenye kifundo cha mkono, na kila mkono uendapo mbele na kurudi nyuma, mashine iliyomo huandika mwendo. Aghalabu mpanda milima afikapo kileleni huitazama saa kabla hajaitazama nchi iliyo chini yake. Je, hesabu ya hatua ndiyo thamani ya mwendo?

Si haki kukilaumu chombo kwa sababu ya upya wake. Vyombo vya namna hii humwonyesha mvivu kwamba amekaa mno, humtahadharisha mgonjwa wa moyo, na humrejesha njiani aliyepotea katika ukungu. Lakini kila kipimo kina asili yake. Hatua 10,000 ambazo watu wengi huziwania kila siku hazikuanza kwa agizo la tabibu. Zilianza Japani mwaka 1965, katika jina la chombo cha biashara, Manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Idadi iliyopendeza masikioni ikawa sheria miguuni.

Vilima vya Ngara ni mahali pazuri pa kuijaribu sheria hiyo. Barabara itokayo Biharamulo kwenda magharibi, ikipita Lusahunga na Nyakahura, hupanda na kushuka mpaka mto Kagera, penye maporomoko ya Rusumo. Katika vilima hivyo mtu husukuma baiskeli iliyosheheni mikungu ya ndizi, mikono yake miwili imeshika usukani. Kama angefungwa saa ile, yamkini ingemwandikia hatua chache kuliko alizokwenda, kwa kuwa mikono yake imetulia. Ndivyo ingemfanyia na mwanamke aliyeinua mkono kushika mzigo wa kuni kichwani. Mtembezi asiyechukua kitu angewashinda wote wawili. Wahenga waliosema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi walilijua kosa hili kabla ya mashine.

Njia hiyo hiyo ina ushahidi mzito zaidi. Tarehe 28 na 29 Aprili, 1994, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, wakaingia Ngara, na wengi wao wakapiga kambi Benako. Hesabu yao ilikuwa ya lazima, maana bila hesabu chakula, maji na dawa visingegawanyika. Hata hivyo, haikuweza kusema nani alikimbia mauaji na nani alikimbia hukumu ya mauaji aliyoyatenda, wala mama yupi alivuka na watoto pungufu ya aliotoka nao nyumbani.

Basi hesabu ni mtumishi mwaminifu, lakini haifai kuwa hakimu. Hujua ngapi, haijui kwa nini, wala kwa uzito gani. Atembeaye milimani kwa afya au kwa furaha ana haki ya kuhesabu hatua zake, na haki hiyo ina wajibu wake: kuinua macho, kumsalimu anayepishana naye, na akiweza, kumsaidia kusukuma baiskeli mpaka juu ya kilima. Huenda saa isiziandike hatua hizo. Mwenye ndizi atazijua.