Mbuzi ya Ukutani

Hoteli ilikuwa na vyumba vinane tu. Paa la makuti, kuta za chokaa, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inateleza. Kwenye ukumbi wa chakula, ngalawa kuukuu ilikuwa imekatwa nusu na kusimamishwa ikawa rafu ya vitabu. Juu yake, ukutani, ikimulikwa na taa yake peke yake, ilitundikwa mbuzi ya kukunia nazi.

Sikuwa na uwezo wa kulala pale. Kwa wiki mbili nilikuwa nimewatafsiria watafiti mahojiano mjini Unguja, na kazi ilipokwisha wakanilipia mapumziko ya siku mbili Jambiani. Hawakujua kuwa mama yangu kazaliwa Jambiani. Dada yake, mama mkubwa wangu, anaishi mwendo wa robo saa kutoka lango la hoteli ile. Sikumwambia kuwa nimefika. Nilijiambia nitampitia siku ya tatu, nikiwa njiani kuondoka.

Asubuhi ya pili maji ya bamvua yalikuwa yamekupwa mbali. Nilikuwa nakunywa chai huku nikiwatazama wanawake walioinama kwenye mashamba ya mwani. Mmoja nilimtambua kwa mwendo wake kabla sijaiona kanga yake. Mama mkubwa hutembea kama anayehesabu hatua, tangu alipoumia nyonga.

Mgeni wa meza ya jirani, mzee mpole kutoka Uholanzi, akaniuliza wale wanafanya nini. Nikamweleza. Nilimwambia kilimo cha mwani cha biashara kilianza hapa Jambiani na jirani zao wa Paje mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Hufunga vipande kwenye kamba zilizokazwa kati ya vijiti, wakavuna baada ya wiki sita hivi. Ute wake hutumika kugandisha aiskrimu na dawa ya meno. Ile aina yenye bei nzuri inawafia siku hizi kwa sababu maji ya kina kifupi yamezidi joto.

“Unajua mengi,” akasema. “Umejifunzia wapi?”

“Nasoma chuo kikuu,” nikamjibu.

Akanishukuru, akainua simu, akawapiga picha. Mama mkubwa alikuwa katikati ya picha hiyo, mgongo wake umetuelekea.

Nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, kwa hiyo najua pa kukimbilia. Kant, aliyekataza uongo hata wa kumwokoa rafiki, mwaka 1794 alimwahidi mfalme wa Prussia, “kama raia mtiifu wa Mtukufu Mfalme”, kwamba hataandika tena kuhusu dini. Mfalme alipofariki Kant akaandika, kisha akaeleza kuwa maneno yale aliyachagua kwa makusudi: ahadi ilimfunga kwa mfalme yule tu. Hakusema uongo. Alimwacha mwenzake ajidanganye mwenyewe.

Nami sikusema uongo. Mwaka ulikuwa sahihi, joto la maji lilikuwa sahihi, na kweli nasoma chuo kikuu. Lakini mambo yale sikujifunzia chuoni. Niliyajua likizo za utotoni, nikiwa nimekaa juu ya polo la mwani mbichi, nikifunga vipande na mama mkubwa mpaka vidole vikavimba.

Nilijaribu kujitetea. Labda nilimhifadhi: yeye si maonyesho ya wageni. Utetezi huo unapendeza, ila una kipimo chepesi. Kama mama mkubwa angekuwa profesa aliyekwenda kuogelea asubuhi ile, ningemtaja kabla sijaulizwa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zamani niliona ni methali ya kufukuzia wageni. Sasa nadhani inasema jinsi mtu anavyoacha kuwa mgeni: jembe ndilo linalomwingiza katika hesabu ya nyumba. Hotelini siku ya tatu haifiki. Unaweza kukaa mwezi mzima na hakuna atakayekupa jembe, kwa sababu ulicholipia si kitanda tu. Umelipia kutodaiwa chochote na mtu yeyote unayemwona. Sidhani ni dhambi mtu aliyechoka kununua hilo kwa siku mbili. Lakini mimi nililitumia mbele ya mtu ambaye ana haki ya kunidai.

Siku ya tatu nilimkuta mama mkubwa uani, anavunja nazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba mwanangu. Umetokea wapi na begi hilo?”

Nikamtajia hoteli. Akafurahi kuliko nilivyotarajia. Alitaka kujua godoro, chakula, kama maji ya moto yapo kweli. Nikaona nafasi ya kuonyesha niko upande wake: nikamweleza kwa hasira kuhusu ile mbuzi, kwamba vyombo vyetu wanavigeuza mapambo.

Akacheka mpaka akaweka panga chini. “Ile niliwauzia mimi! Meno yalikuwa yamekwisha. Nimenunua hii mpya, na chenji ikabaki.”

Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Hakuna aliyemdhulumu kwa mbuzi ile. Kosa lililobaki lilikuwa moja, na lilikuwa langu.

“Nilikuona jana,” nikasema. “Baharini.”

“Mbona hukuniita?”

Jibu la kweli lilikuwa tayari mdomoni: maji yalikuwa yamekwenda mbali, asingenisikia. Neno kwa neno, kweli tupu. Nikalimeza.

“Niliona aibu, mama.”

Aliokota panga, akaigonga nazi mara tatu, ikapasuka. Maji yake akayakinga kwenye bakuli.

“Uliona aibu yangu au yako?”

Ningependa kuandika kwamba nilimjibu. Nilibaki kimya kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu jana yake kimya changu hakikumdanganya mtu. Yeye hakuningoja. Aliisukuma ile mbuzi mpya kwa mguu mpaka ikanifikia, akaweka kifuu mbele yangu.

“Kaa basi,” akasema. “Mchele uko jikoni.”

Nikakaa, nikaanza kukuna.