Lugha ya Kubembelezea

Bunge la Afrika lina makao yake Midrand, kati ya Johannesburg na Pretoria, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za Umoja wa Afrika. Mitaa michache kutoka hapo, familia iliyohamia kutoka Mombasa au Dar es Salaam yaweza kushauriwa, kwa nia njema kabisa, iache kuzungumza Kiswahili na mtoto wao mwenye usonji. Lugha mbili zitamlemea, huambiwa. Mzoesheni Kiingereza, ndicho cha shule na cha mtaalamu.

Tafiti zilizolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili hazijaonesha kuwa lugha ya pili huwachelewesha. Lakini hata pasingekuwa na tafiti, swali la kimaadili lingebaki: nani ana haki ya kumtaka mama ambembeleze mwanawe kwa lugha ambayo yeye mwenyewe hakubembelezwa kwayo?

Kushuku akina mama si jambo geni hapa. Leo Kanner, alipowaeleza watoto 11 mwaka 1943, aligusia pia ubaridi wa wazazi wao. Bruno Bettelheim, katika kitabu chake cha mwaka 1967, akaligeuza dokezo hilo kuwa hukumu. Bernard Rimland, baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshaipinga dhana hiyo mwaka 1964. Hukumu ilianguka (si kila mahali, wala si kila ukoo). Sasa inarudi kwa mlango wa uani: kosa si moyo wa mama tena, bali ulimi wake.

Wasiwasi huwaandama watoto wengi wenye usonji, na tiba ya saikolojia huanza kwa kuupa jina. Kwa Kiswahili jina hilo limo mwilini: moyo huenda mbio, roho huwa juu juu. Wengi wao pia hurudia maneno waliyoyasikia. Mtoto anayesema “pole, pole” kila anaposhtuka hakasuki ovyo. Anajituliza kwa sauti ya aliyemtuliza. Asiyejua Kiswahili atasikia kelele tu.

Wazazi wanaokubali ushauri ule si wapumbavu. Mwalimu anazungumza Kiingereza, na mtoto lazima aweze kuomba msaada mama asipokuwapo. Hata hivyo, mtaalamu hahitaji kikao kizima kumwomba mama amwandikie maneno kumi ambayo mtoto huyatamka anapoogopa, na maana ya kila moja.