Dinknesh, Si Dina

Kwa karibu miaka miwili nilimwita Dina. Tulifanya kazi pamoja katika hoteli moja hapa Nairobi, yeye mapokezi, mimi upande wa hesabu, na kibandiko cha kifuani kilisema hivyo hivyo: DINA. Herufi nne, kwisha. Kisha siku moja, tukiwa kwenye foleni ya chakula cha wafanyakazi, simu yake ikaita, akaweka spika, na nikasikia sauti ya mama mzee ikimwita jina jingine kabisa, refu, lenye k na n zinazogongana katikati.

"Kwani wewe unaitwa nani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Dinknesh. Siku ya kwanza kazini waliniambia wageni watashindwa kulitamka."

Nikajaribu, nikashindwa kweli. Hiyo k si yetu. Katika Kiamhara hutolewa kooni kwa mshindo mdogo, kama kizibo cha chupa, ndiyo maana wengine huliandika Dinqinesh na wengine Dinkinesh. Lakini kilichonishika si matamshi, ni maana. Dink ni jambo la kustaajabisha. Nesh ni "wewe ni", na huambiwa mwanamke tu. Mwanamume huambiwa neh. Kwa hivyo jina lote ni sentensi nzima: wewe ni wa ajabu. Na usielewe vibaya, si ajabu ya kituko cha mtaani. Ni ile ajabu inayokufanya ushike mdomo.

Kumbe tumeyasikia majina ya aina hii miaka yote bila kujua. Tirunesh Dibaba, yule aliyetuacha London 2012 kwenye mita 10,000, mbele ya Sally Kipyego na Vivian Cheruiyot: tiru ni nzuri, kwa hivyo Tirunesh ni "wewe ni mzuri". Yaani kila mtangazaji wetu aliyelitaja jina hilo kwa uchungu siku ile alikuwa akimsifu bila kujijua. Worknesh ni "wewe ni dhahabu". Bizunesh ni "wewe ni mwingi". Ni ukoo mzima wa majina yanayomtazama mtoto usoni na kumwambia kitu.

Siku hizi, Addis Ababa, majina ya -nesh yana harufu ya shangazi na nyanya. Wazazi vijana huelekea zaidi kwa Hanna, Meron, Betelhem, majina mafupi au ya Biblia. Dinknesh kwao si jina la kusikia kila kona. Na aliye nalo hana pa kulificha, maana kule hakuna jina la ukoo kama letu la kwenye fomu. Jina la pili ni la baba yako, basi, na hata mwanamke akiolewa habadilishi. Mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata kwa heshima, hata ofisini. Kwa hivyo ukimkata Dinknesh akabaki Dina, umekata karibu yote aliyokuja nayo.

Hapa lazima niseme kwa nini jambo hili lilinikosesha usingizi. Mimi naitwa Tabu.

Kwetu Kilifi jina hili halishangazi mtu. Tuna kina Tabu, kina Shida, kina Sikujua na Sikudhani. Lakini nimelibeba Nairobi, na Nairobi kila mtu ni mchekeshaji. "Tabu gani tena?" kwenye usaili wa kazi. "Karibu na tabu zako" kwa karani wa benki. Nilijifunza kucheka kabla ya wao kucheka. Sasa wiki tatu zilizopita mdogo wangu amejifungua binti, na mama anataka mtoto awe somo yangu. Tabu mdogo. Arobaini inakaribia na wananingoja niseme ndiyo.

Kwa hivyo swali langu si la darasani. Nataka kujua: jina linamfanyia mtu nini? Na nani ana haki ya kumfanyia?

Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha 1843, ana jibu la kutuliza roho. Anasema jina la mtu halielezi sifa yoyote ya mwenye jina. Ni alama tu. Mfano wake ameuchota mahali tunapopajua, Alfu Lela Ulela: yule mwizi aliyechora chaki mlangoni ili aitambue nyumba. Chaki haisemi nyumba ni nzuri au mbaya. Inasema tu, ni hii. Kwa Mill, Tabu ni chaki na Dinknesh ni chaki. Nikae nitulie.

Nilitulia kama siku mbili. Kisha nikaona kasoro. Nyumba haisikii. Mlango ukichorwa chaki haugeuki kukutazama. Mtu akiitwa hugeuka. Jina ndilo neno la pekee ambalo tunaambiwa maisha yetu yote na ambalo sisi wenyewe hatulitumii sana. Lipo kwa ajili ya vinywa vya wengine. Likiwa sentensi yenye "wewe" ndani yake, kila anayekuita anairudia sentensi hiyo, apende asipende.

Hebu tumtazame Dinknesh aliye maarufu kuliko wote. Novemba 24, 1974, Mmarekani Donald Johanson na mwanafunzi wake Tom Gray waliokota kipande cha mfupa wa mkono huko Hadar, kaskazini mashariki mwa Ethiopia. Vipande vilivyofuata vilifika takriban asilimia 40 ya kiunzi cha kiumbe mmoja wa kike wa jamaa ya binadamu, aliyetembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.2 iliyopita. Usiku wa kambini ulikuwa wa furaha, kanda ya The Beatles ikipigwa, na kutoka kwenye wimbo mmoja wakamwita Lucy. Kwenye daftari la watafiti yeye ni AL 288-1. Waethiopia wakamwita Dinknesh.

Majina matatu kwa mifupa ile ile. AL 288-1 ndiyo chaki ya Mill, haina ubishi. Lucy ni kumbukumbu ya waliompata: kanda yao, usiku wao, ujana wao. Silichukii jina hilo, lakini linatuambia habari zao. Dinknesh peke yake ndilo linalomgeukia na kumsemesha: wewe. Miaka milioni tatu hakuna aliyemsemesha, halafu mtu anamwambia, wewe ni wa ajabu.

Ningependa kuishia hapo, Mwafrika kamjibu Mzungu, tupige makofi. Lakini si haki. Hadar ni nchi ya Waafar, wenye lugha yao. Kiamhara kilikuwa lugha ya dola, na katika Ethiopia ya kifalme watu wengi wa jamii nyingine waliishia na majina ya Kiamhara. Bekoji, alikozaliwa Tirunesh, ni kwa Waoromo. Na jana yake tu, Novemba 23, serikali ya kijeshi iliyokuwa imempindua Haile Selassie miezi miwili kabla iliwaua maafisa 60 wa utawala wake jijini Addis Ababa. Usiku mmoja watu waliokuwa na majina makubwa wanafutwa. Asubuhi yake mfupa usio na jina unaokotwa na kupewa sifa. Jina zuri, basi, halimfanyi anayelitoa kuwa mwema. Mkono unaotoa sifa unaweza kuwa na nguvu ambayo hukuuomba.

Sasa hivi jina hili limefika hata angani. Chombo cha Marekani kiitwacho Lucy, kilichorushwa 2021, kilipita karibu na asteroidi ndogo mnamo Novemba 1, 2023. Asteroidi hiyo, isiyofika kilomita moja kwa upana, ilikuwa imepewa jina Dinkinesh. Chombo kikagundua ina kamwezi kake, nako kakaitwa Selam, yaani amani, jina la mabaki ya mtoto wa kale aliyepatikana Dikika, karibu na Hadar. Nilimwonyesha rafiki yangu picha hizo kwenye simu. Akaziangalia kwa muda. "Huko juu wameliandika lote," akasema, "na hapa mapokezi halienei kwenye kibandiko."

Sikuwa na la kujibu, maana miaka miwili nami nilikuwa kati ya waliomwita Dina. Sikumuuliza. Ilikuwa rahisi kwangu.

Jumapili nikampigia mama. Nikamwambia, mama, sitaki mtoto aitwe Tabu. Akanyamaza, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia. "Tabu ilikuwa yangu, mwanangu. Niliipata kabla yako. Wewe ndiye uliyeimaliza."

Nikalifikiria hilo usiku kucha. Kumbe hata Ethiopia kuna majina ya namna hiyo. Kassa maana yake ni fidia, kitu cha kulipia kilichopotea, na ndilo jina alilozaliwa nalo Mfalme Tewodros wa Pili. Jina kama hilo halimwelezi mtoto. Linawaeleza waliomngoja. Mama hakuniita tatizo. Aliandika historia yake mahali ambapo haingepotea. Nilimwelewa. Lakini pia nilimwambia, kwa heshima, kwamba historia ni yake na mgongo ni wangu. Nia ya anayetoa jina haimfuati mtoto shuleni wala benki. Huko anafuatwa na masikio ya watu. Akasema, "Hilo sikulifikiria."

Wote wawili tulikuwa na haki, na hapo ndipo ninapoona Mill alipotuacha. Jina si chaki, wala si hatima. Ni kama mkopo wa maneno: mzazi anaandika, mtoto anabeba, na sisi wengine ndio tunaolipa au kutolipa kila tunapoita. Dinknesh anaweza kuitwa kwa ukali na meneja mpaka "wewe ni wa ajabu" igeuke kero. Na mimi nakumbuka nikiitwa Tabu jioni, mlango wa jikoni ukiwa wazi, kwa sauti ambayo haikuwa na tabu yoyote ndani yake. Maana ya jina iko kwenye kamusi, lakini deni lake liko kwa anayeita.

Kwa hivyo nimemwambia mama tusiamue, si yeye wala mimi. Aulizwe mdogo wangu, ambaye atamwita mtoto huyo mara nyingi kuliko sisi sote: ni jina gani ataweza kulitaja saa nane usiku, mtoto analia, mgongo unauma, na bado likatoka kwa upendo? Likiwa Tabu, sawa, nitakuwa somo. Nitamfundisha la kumjibu karani wa benki.

Jumatatu nilifika kazini mapema. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya ile k njia nzima ndani ya matatu, jirani yangu akinitazama kama nimekabwa na mfupa. Nikasimama mbele ya meza ya mapokezi nikamwita, polepole, jina lote. Alikuwa ameinama akitafuta funguo. Akajibu kabla hajainua kichwa, jinsi mtu anavyoitikia kwao akiitwa: "Abet!"

Masikio yangu ya pwani yakasikia "abee", vile mama alivyotufunza sisi wasichana kuitika.