Mnara Uliobaki Turubaini

Mchoraji anayekaa Forodhani, jua likiwa la utosi na turubai limeegemezwa mbele yake, hafanyi kazi sawa na ya yule aliyejifungia chumbani. Wa chumbani aweza kusema: haya ni mawazo yangu. Huyu wa nje, kwa kule kukaa kwake tu mbele ya kitu anachokichora, amekwisha kutuambia jambo jingine: nilikuwapo, nikaona. Kazi yake ina sura ya ushahidi, apende asipende. Ndipo linapozuka swali: shahidi huyu ana ruhusa ya kufuta nini?

Wapo watakaojibu upesi kwamba hana ruhusa yoyote. Hao hawajapata kushika rangi za akriliki juani. Rangi hizi ni unga uliochanganywa na maji na plastiki laini. Maji yakikauka, plastiki hushikamana, na rangi haiyeyuki tena kwa maji. Katika joto la kaskazi mpako mwembamba hukauka kwa dakika chache, pengine ungali juu ya kibao, na ukikauka huwa umekoza kuliko ulivyokuwa mbichi. Wakati huohuo kivuli cha mti kinasogea na maji yanakupwa. Anayetaka kuweka kila kitu hataweka chochote. Sharti achague: jahazi hili liingie, waya ule wa umeme uachwe. Kuacha, basi, si kosa.

Lakini kuna kuacha na kuacha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Tuseme mchoraji amekaa mbele ya pengo lile, naye akauchora mnara umesimama. Atajitetea kwamba macho ya wenyeji bado yanauona. Hoja hii ina uzito, nami siidharau. Tena historia inamsaidia kidogo: mnara wenyewe haukuwa wa asili, uliunganishwa na jumba mwaka 1897, baada ya mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 kuuharibu mnara wa taa uliokuwa mbele yake. Mandhari ile haikupata kutulia.

Atajitetea pia kwa ushairi. Malenga akimwita mpenzi wake mwezi, nani atamshitaki? Kweli, ila msikilizaji wa malenga anaijua mila ya kusifu, wala hainui macho mbinguni kumtafuta bibi huyo. Mnunuzi wa picha aliyeshuka bandarini jana haijui mila yoyote. Anaambiwa ilichorwa papo hapo, naye anasadiki. Mbele ya mwenyeji picha ile ni kumbukumbu. Mbele ya mgeni ni ushahidi kwamba hapakuanguka kitu wala hapakufa mtu, na rangi ni zilezile.

Kwa hiyo siombi mnara ufutwe. Mchoraji na auchore, tena kwa mapenzi yake yote, kisha nyuma ya turubai aandike mwaka aliouchora, na kwamba aliuchora kwa kukumbuka. Muuzaji huenda akanung'unika kuwa maneno hayo yatashusha bei, na huenda yakaishusha kweli.